Kwa Nini Baisikeli ya Kike Haionekani Mashindanoni

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara itokayo Wote kwenda Makindu, au kwenye njia za mchanga zinazoshukia Mto Tiva huko Kitui, ataona baisikeli za namna mbili. Ya kwanza ni ile nyeusi, ndefu na nzito, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma, ambayo watu wa Kenya wameipa jina la nyoka, Black Mamba. Ina chuma kilicholala juu, kutoka chini ya kiti mpaka chini ya usukani. Ya pili yafanana nayo karibu kwa kila jambo, ila chuma kile cha juu kimeshushwa na kuwekwa mshazari karibu na chuma cha chini, ili mpandaji apitishe mguu katikati bila kuuinua sana. Hiyo ndiyo iitwayo baisikeli ya kike, ijapokuwa wapo wazee wanaume waipandao bila kuona haya, nao hawakosi akili, maana magoti yao wanayajua wenyewe.

Lakini mtu huyo huyo akienda kutazama mashindano, yawe ya vijana wa kijiji siku ya sikukuu au yale makubwa ya mataifa, hataiona ile ya pili. Hata wanawake washindanao hawaipandi. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, nayo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Wanawake walikwenda kilomita 164.6 katika vilima ambavyo kupanda kwake kote, kukijumlishwa, kulifika mita 3,350, yaani karibu mara tatu ya kimo cha mji wa Kitui juu ya usawa wa bahari. Mshindi alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Baisikeli yake ilikuwa na chuma cha juu, na za wenzake wote vivyo hivyo.

Je, hiyo ni desturi tu, au ni kazi ya chuma chenyewe? Swali hili si la wanamichezo peke yao. Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni fedha zilizopo ni za baisikeli moja tu. Baisikeli hiyo yatakiwa ichote maji, ifike sokoni na zahanati, impeleke mtoto shuleni, na pengine siku moja binti wa nyumba aingie nayo katika mashindano. Mzazi akichagua vibaya hataweza kununua nyingine upesi. Kwa hiyo yafaa ajue kile chuma cha juu kinafanya kazi gani, na kikiondolewa ni kitu gani kinachopotea.

ILIVYOANZA

Baisikeli ya namna tuijuayo, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilipata sifa kwa kazi ya John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, aliyetoa baisikeli yake iitwayo Rover mwaka 1885. Kabla yake watu walikuwa wakipanda baisikeli yenye gurudumu moja kubwa mno mbele na dogo nyuma, na aliyeanguka alianguka kutoka juu kama mtu aliyetupwa na punda. Katika miaka michache baada ya Rover mafundi walipata umbo la fremu ambalo halijabadilika sana hata leo: vyuma vilivyounganishwa vikafanya pembetatu mbili zilizoegemeana.

Wanawake wa Ulaya na Marekani nao walitaka kupanda. Mavazi yao katika miaka ile yalikuwa magauni marefu yaliyofika kwenye vifundo vya miguu, na chuma cha juu kiliyazuia. Mafundi hawakuweza kubadili mavazi, basi wakabadili fremu. Walikishusha chuma cha juu, wakafunika mnyororo kwa bati, na gurudumu la nyuma wakalitandia nyuzi ili nguo isinaswe na spoki. Msomaji ataona kwamba fremu hii haikutengenezwa kwa sababu ya mwili wa mwanamke. Ilitengenezwa kwa sababu ya nguo yake. Jambo hili lasahauliwa mara nyingi, na wapo wauzaji ambao hata leo humwambia mama kwamba mwili wake hauwezi baisikeli yenye chuma cha juu. Hayo si kweli.

Aliyeijaribu tofauti hiyo kwa miguu yake mwenyewe ni mama mmoja wa Boston, Marekani, Annie Kopchovsky, aliyejulikana zaidi kwa jina la Annie Londonderry. Mwezi wa Juni 1894 aliondoka mjini kwake akiwa amenuia kuizunguka dunia. Alivaa gauni refu na kupanda baisikeli ya kike ya kampuni ya Columbia, yenye uzito wa ratili 42, yaani kilo 19. Alipofika Chicago alikuwa amechoka, akaona kwamba kwa mwendo ule hatafika popote. Hapo aliiacha ile baisikeli, akachukua ya kiume ya kampuni ya Sterling, yenye ratili 21 tu, na gauni refu akaliweka kando akavaa suruali pana. Akaendelea na safari, akarudi mwaka 1895. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya dunia aliivuka kwa meli, na tena nusu ile ya uzito haikupungua kwa ajili ya fremu peke yake, kwa kuwa vitu vingine vya Sterling ile navyo vilikuwa vyepesi. Hata hivyo fremu ya kike nayo huongeza uzito, na sababu yake ndiyo twaijia sasa.

NGUVU YA PEMBETATU

Mtoto wa shule aweza kujaribu jambo hili nyumbani. Achukue vijiti vinne, avigongomee misumari mmoja mmoja pembeni, apate umbo la mraba. Akilisukuma kwa mkono litalala upande mara moja, ijapokuwa vijiti havikuvunjika. Kisha achukue vijiti vitatu na kufanya pembetatu. Hata akisukuma kwa nguvu, umbo halibadiliki mpaka kijiti kivunjike au msumari ung'oke. Seremala anayejenga paa la nyumba analijua jambo hili hata kama hajalisoma kitabuni. Ndiyo maana huweka mbao za mshazari kati ya mhimili na kenchi, na paa husimama wakati wa upepo.

Fremu ya kawaida ya baisikeli ni pembetatu mbili. Ya nyuma imefanywa na chuma cha kiti na vyuma vyembamba vinavyoshika ekseli ya gurudumu. Ya mbele imefanywa na chuma cha juu, chuma cha chini na chuma cha kiti. Mtu mwenye macho makali atasema kwamba ile ya mbele si pembetatu halisi, kwa kuwa kule mbele vyuma viwili havikutani kwenye ncha bali vimeshikwa na kichwa kifupi kinachobeba uma wa gurudumu. Ni kweli, lakini kichwa hicho ni kifupi, na viungo vyote vimechomelewa imara, hivyo kazi yake hukaribia sana kazi ya pembetatu.

Sasa tazama baisikeli ya kike. Chuma cha juu kimeshushwa, nacho hakifiki juu ya chuma cha kiti bali hukigusa katikati, au chini zaidi. Mambo mawili hutokea. La kwanza, ile pembetatu pana imekuwa nyembamba kama ulimi, maana vyuma viwili vya mbele sasa vinakwenda karibu karibu. La pili, sehemu ya juu ya chuma cha kiti imebaki peke yake bila mshiko kwa mbele. Mpandaji akikaa, na hasa akirushwa na mashimo ya barabara, uzito wake wakipinda chuma hicho pale kinapokutana na kile kilichoshushwa. Hapo ndipo nyufa huanzia katika baisikeli nyingi za namna hii.

Mafundi wa mbao wanajua pia kwamba ubao uliosimamishwa kwa ubavu hubeba mzigo mkubwa kuliko ubao ule ule uliolazwa. Mbao ni moja, uzito ni mmoja, lakini kimo chake ndicho kilicholeta nguvu. Vyuma viwili vya fremu vikiwa mbali, kimoja juu na kimoja chini, ni kama ubao uliosimamishwa. Vikisogezwa pamoja, ni kama ubao uliolazwa.

KUSOKOTWA KWA FREMU

Mtu anayekwenda sokoni pole pole hukaa juu ya kiti na miguu yake husukuma kwa upole, kwa hiyo fremu haipati taabu nyingi. Mshindani sivyo. Akifika mlimani, au akiona mwisho wa mbio u karibu, husimama juu ya pedali. Mguu wa kulia ukishuka kwa nguvu, mkono wa kulia huvuta usukani juu ili mwili usiangukie upande. Kisha zamu ya kushoto, na hivyo hivyo mara 70 au 80 kwa dakika. Kwa njia hii sehemu ya chini ya fremu inasukumwa upande mmoja na kichwa cha fremu kinavutwa upande mwingine. Fremu yote husokotwa kama mama akamuavyo nguo iliyofuliwa.

Fremu yenye vyuma vilivyo mbali hushindana na msokoto huo vizuri. Ile ya kike hukubali. Mtu aweza kuliona jambo hili bila chombo chochote. Asimame kando ya baisikeli, ashike usukani na kiti, aweke mguu kwenye pedali iliyo upande wake ikiwa chini kabisa, kisha asukume upande kwa nguvu kiasi. Sehemu ile inayobeba pedali itasogea. Akijaribu baisikeli ya kiume na ya kike za kampuni moja, ile ya kike itasogea zaidi.

Hapa yapasa kusahihisha jambo linalosemwa sana. Watu wengi husema kwamba nguvu yote inayoipinda fremu imepotea, kama maji yaliyomwagika mchangani. Si hivyo. Chuma kizuri ni kama upinde: kikipindwa huweka nguvu, na kikiachwa huirudisha sehemu kubwa. Hasara ya nguvu ipo, lakini ni ndogo kuliko wasemavyo mashabiki. Ubaya mkubwa zaidi uko mahali pengine. Fremu ikijisokota, gurudumu la mbele na la nyuma haviendi tena katika mstari mmoja, mnyororo hukwaruza, breki hugusa rimu, na baisikeli haitii mkono upesi. Katika mteremko mkali, kwa mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, fremu laini yaweza kuanza kutetemeka kutoka kichwani mpaka kwenye kiti, na mpandaji aliye katikati ya wenzake 100 hana nafasi ya kujiponya.

UZITO

Mtu atauliza: mbona fundi asitie vyuma vinene katika baisikeli ya kike, nayo ikawa ngumu sawasawa? Aweza, na kwa hakika hufanya hivyo. Baisikeli nyingi za kike zinazouzwa leo katika miji ya Ulaya zina vyuma vinene sana vya alumini, nazo ni imara. Bomba la chuma likiongezwa upana mara mbili, unene wa ukuta wake ukibaki ule ule, uzito wake huwa mara mbili lakini ugumu wake huwa mara nane. Hiyo ni faida kubwa. Lakini dawa hiyo hiyo ikitiwa katika fremu ya kiume, hapo fundi aweza kupunguza unene wa ukuta wa bomba, na fremu ikawa nyepesi zaidi tena. Kwa hiyo kila mara baisikeli ya kike inapofika mahali fulani, ya kiume imekwisha kutangulia. Kwa ugumu ulio sawa, ya kike itakuwa nzito.

Na uzito mashindanoni ni kitu gani? Tuseme mpandaji ana kilo 60 na baisikeli yake kilo 15, jumla kilo 75. Anapanda mlima ambao humchukua dakika 30, mathalani katika vilima vya Mbooni. Kilo moja ikiongezwa, nguvu za miguu zikiwa zile zile, muda wa kupanda huongezeka kwa sehemu moja ya 75 hivi, yaani sekunde 24. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, sekunde hizo ni mita 80 za barabara. Mtu aendaye sokoni hatazitambua kamwe. Mshindani akiachwa mita 80 mlimani, huenda asiwaone wenzake tena mpaka jioni. Katika tambarare, kama ile ya kati ya Makindu na Kibwezi, kilo moja haina neno kubwa. Huko adui ni upepo.

Tena yafaa kufikiri faida ya fremu ya kike ni nini. Ni kupanda na kushuka kwa urahisi. Anayegawa maziwa au barua hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku, na kwake faida hiyo ni kubwa. Mshindani hupanda mara moja asubuhi na kushuka mara moja mwisho wa safari, akijaliwa. Angelipa uzito wa njia nzima kwa ajili ya raha ya nukta moja. Isitoshe, ndani ya pembetatu ya mbele ndimo mshindani anamofungia chupa zake mbili za maji, na katika joto la nchi zetu chupa hizo si pambo. Wale wanaoshindana mashambani na kwenye matope hutumia chuma cha juu kwa kazi nyingine pia: wakifika mahali pasipopitika, huiweka baisikeli begani kwa chuma hicho, wakakimbia.

SHERIA ZA MASHINDANO

Chama cha dunia cha mchezo huu, ambacho kifupi cha jina lake ni UCI, kiliundwa Paris mwaka 1900. Kimekuwa kikichunga sana umbo la baisikeli, na wapo wanaosema kwamba kimechunga kupita kiasi. Mwaka 1933 Mfaransa mmoja, Francis Faure, alikwenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa moja juu ya baisikeli ambayo mpandaji huilalia chali, akaipita rekodi ya dunia. Kina sababu zake au hakina, mwaka uliofuata chama kilizikataza baisikeli za namna hiyo katika mashindano ya kawaida.

Baadaye, katika mkutano uliofanyika Lugano, Uswisi, mwaka 1996, chama kiliandika msimamo wake kwamba baisikeli isiruhusiwe kumshinda mtu, na kanuni zilizofuata zikaanza kazi mwaka 2000. Ndani yake imo kanuni kwamba fremu ya mashindano ya barabarani ijengwe kuzunguka pembetatu kuu, na chuma cha juu kiliruhusiwa kuinama kwa kiasi tu, yaani kisitoke nje ya mistari miwili iliyolala yenye nafasi ya sentimita 16 kati yake. Uzito nao usipungue kilo 6.8. Baisikeli ya kike halisi, yenye chuma kilichoshuka mpaka katikati, haiwezi kuingia katika mistari hiyo.

Lakini asije mtu akadhani kwamba sheria ndiyo iliyoifukuza. Sheria ilikuja wakati washindani walikuwa wamekwisha kuiacha kwa miaka 100. Mwaka 1958 wanawake walipopewa mashindano yao ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa barabarani huko Reims, Ufaransa, Elsy Jacobs wa Luxembourg akayashinda, na mwaka 1984 walipoingia kwa mara ya kwanza katika mbio za barabarani za Olimpiki huko Los Angeles, hakuna aliyewalazimisha kuacha fremu za kike. Walikuwa wanataka kushinda.

Neno moja lahitaji kuongezwa kwa wale wafupi. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 kampuni nyingi zimetengeneza fremu ambazo chuma chake cha juu huinama kidogo kuelekea kiti. Pembetatu huwa ndogo zaidi, nayo ikiwa ndogo huwa ngumu na nyepesi zaidi, na mtu mfupi, mwanamume au mwanamke, husimama juu yake bila kuumia. Hii si baisikeli ya kike iliyorudi kwa mlango wa nyuma, maana chuma bado chafika juu ya chuma cha kiti.

YANAYOHUSU NYUMBA ZA UKAMBANI

Lita 20 za maji ni kilo 20. Mwenye kufunga mitungi minne ya plastiki, miwili juu ya keria na mmoja mmoja ubavuni, amebeba kilo 80 nyuma ya kiti, yaani mtu mzima mwenye shibe. Mzigo huo ukiyumba, fremu husokotwa kama inavyosokotwa na mshindani, ila kwa sababu nyingine. Ndiyo maana wachuuzi wa maji na wabeba maembe hupenda Black Mamba yenye chuma cha juu, na wengine hutafuta ile yenye vyuma viwili vya juu. Hawakusoma hesabu za msokoto. Mteremko wa kushuka kutoka milima ya Kilungu na mzigo nyuma na breki za vyuma mbele ni mwalimu mkali.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo baisikeli ya kike huishinda nyingine, hata katika kazi ya maji. Mzigo ukiwa mrefu nyuma, mguu hauwezi kupitishwa juu ya keria. Mwenye baisikeli ya kiume hulazimika kuinua goti mpaka kifuani na kulipitisha juu ya chuma, na mama aliyevaa leso au mzee mwenye miaka 70 atashindwa. Kwa mtungi mmoja au miwili na barabara isiyo na vilima vikali, baisikeli ya kike ni chombo chema kabisa. Kwa mitungi minne haifai.

Katika duka la baisikeli zilizotumika mtu aweza kukuta fremu ya namna ya tatu, ambayo Wafaransa waliipenda sana. Mahali pa chuma kimoja cha juu pana vyuma viwili vyembamba, vinavyotoka kichwani vikashuka ubavu kwa ubavu, vikapita chuma cha kiti na kufika moja kwa moja kwenye ekseli ya nyuma. Si ngumu kama ya kiume, lakini hushikilia mkia kuliko ya kike ya kawaida. Kwa nyumba yenye baisikeli moja inayotumiwa na baba na mama, ikipatikana, yastahili kutazamwa mara mbili.

Jambo la hatari lililo lazima kuepukwa ni kukata chuma cha juu cha baisikeli ya kiume ili mama aweze kuipanda. Kazi hiyo ni ya dakika tano kwa msumeno, na ndiyo inayovutia watu. Lakini baisikeli ya kike kiwandani hupewa chuma cha pili kilichoshushwa. Ile iliyokatwa imebakiwa na chuma cha chini peke yake. Hicho hakikupimwa kubeba kazi ya viwili. Kitapinda, kwa kawaida nyuma kidogo ya kichwa, na gurudumu la mbele litarudi miguuni mwa mpandaji, pengine akiwa na mtoto mgongoni. Akitaka kuibadili, fundi sharti atie kwanza chuma kingine cha mshazari na kukichomelea vizuri ncha zote mbili, ndipo akate cha juu. Hata hapo isibebe mizigo mizito.

Aliye na baisikeli ya kike aipanguse vumbi mara moja kwa mwezi na kutazama pale chuma kilichoshushwa kinapokutana na chuma cha kiti, na pale nyuma ya kichwa. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au alama ya kutu iliyozunguka bomba kama uzi, ni ufa unaoanza. Apeleke kwa fundi kabla ya kwenda kisimani tena. Na mti wa kiti usiinuliwe kupita alama iliyochorwa juu yake, kwa sababu katika fremu hii kila sentimita inayoongezwa juu hukipinda zaidi kile chuma kisicho na mshiko.

Sasa yule binti. Tuseme yupo Mutomo au Ikutha, mashindano ya vijana ni mwezi ujao, kilomita 10 barabarani, na baisikeli ya nyumbani ni ya kike. Asikatae kwenda. Mbio za namna hiyo hazipimwi kwa mistari ya UCI, na kwa kilomita 10 zisizo na mlima mkali fremu siyo itakayomshinda kwanza. Aondoe keria na kikapu. Atie upepo magurudumu mpaka yawe magumu, kwa kuwa gurudumu laini hula nguvu kuliko fremu laini. Asafishe mnyororo na kuutia mafuta. Ainue kiti mpaka kisigino chake, kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, kiunyoshe mguu, ila asivuke ile alama. Barabara ikiwa tambarare ainame, viwiko vikunjwe, maana akizidi mwendo wa kilomita 20 kwa saa upepo ndio unaomrudisha nyuma zaidi ya kitu kingine chochote. Na mlimani akae juu ya kiti azungushe miguu upesi, badala ya kusimama na kuvuta usukani, maana kusimama ndiko kunakoisokota fremu hiyo.

Kikuyu, karibu na Nairobi, David Kinjah amewafundisha vijana kwa miaka mingi kupanda na kutengeneza baisikeli, na mmoja aliyejifunza kwake akiwa mtoto ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1985, aliyeshinda mbio za Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mafunzo ya namna hiyo huanza na spana na tambara la mafuta. Binti akionekana ana mbio, ndipo wazazi watafute fremu yenye chuma cha juu, ndogo ya kimo chake, ambayo akisimama juu yake miguu yote miwili ikiwa chini chuma kisimguse. Iwe ya kiume au ya kike kwa jina, muuzaji ataiita apendavyo.